Vitabu vya Safari na Hatari: Kila Msomaji na Chake

Katika nyumba ya mapadri, hapa Panda, kuna kabati moja la mbao la kuazimisha vitabu. Juu kuna maisha ya watakatifu. Katikati kuna katekismu na vitabu vya masomo. Chini kabisa kuna vile ambavyo vijana wanatuomba kila Jumapili nyuma ya Misa: vitabu vya bahari na visiwa, vya misitu na wanyama wakali, vya wezi na wapelelezi, vya hazina zilizofichwa. Rafu ya juu ina vumbi. Rafu ya chini ni tupu karibu siku zote, sababu vitabu vyake havikai.

Katekista mmoja mzee alitujia siku moja akasema: "Padri, hivi vitabu vya chini viondolewe. Vinawafundisha watoto kukimbia masomo na kutafuta mali ya haraka." Hakusema bure. Kijana mmoja wa kalasi ya sita, mwenye akili nzuri, alikuwa ameazima Kisiwa chenye Hazina, akakaa nacho miezi miwili. Masomo aliyaacha, alikwenda na wenzake kuchimba mukuba kwa mikono, nje ya mji. Siku aliporudisha kitabu, kurasa zake zilijaa udongo mwekundu na alama za vidole, tangu mwanzo hata mwisho. Tulimkaripia juu ya masomo, tukamkaripia tena juu ya udongo. Naye akauliza kwa upole: "Padri, wale watu sita waliochimba na kuzika ile hazina, wao wenyewe nani aliwazika?"

Hatukuwa na jibu. Wenye kukisoma kile kitabu wanajua ya kama nahodha Flint alishuka kisiwani na mabaharia sita, wakazika mali, naye akarudi chomboni peke yake. Wote sita aliwaua. Sisi tulikuwa tumeisoma ile hadithi mara tatu tangu seminario dogo, na hatukupata hata siku moja kuwaza makaburi yao. Kijana mwenye kulala karibu na shimo, ambamo udongo unaweza kuanguka saa yo yote, aliyawaza mara moja.

Juu ya neno lile tunaandika kurasa hizi. Tunataka kusaidiana na ndugu zetu waseminaristi, mapadri na makatekista katika kuchagua vitabu vya safari na hatari: kipi kwa mtoto, kipi kwa kijana, kipi kwa mtu mzima, kila mtu kwa umri wake na kwa mapenzi yake. Kipimo chetu tumekipata katika swali la yule kijana. Kila safari ina bei. Je, kitabu kinaionyesha hiyo bei, na kinamtaja mtu aliyeilipa?

I. Mapenzi ya safari si dhambi

Kwanza tumjibu katekista wetu kwa heshima. Yule kijana hakupelekwa shimoni na kitabu. Alipelekwa na njaa ya nyumbani, na mfano wa wakubwa wake. Tungeondoa rafu nzima, na asubuhi yake angekwenda vile vile, tena bila kitabu cha kusoma usiku.

Tena, Eklezya haina sababu ya kudharau mapenzi haya. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alipovunjwa mguu na kombora huko Pamplona, mwaka 1521, alilazwa nyumbani kwao, akaomba vitabu vya mashujaa wenye farasi na panga, maana ndivyo alivyozoea. Havikuwamo katika nyumba ile. Akaletewa maisha ya Yesu na maisha ya watakatifu, akavisoma kwa moyo ule ule wa kutaka makubwa. Ule moyo Mungu hakuuzima, aliugeuza njia. Mtakatifu Teresa wa Avila naye anaungama ya kama yeye na mama yake walipenda mno hadithi za mashujaa. Alipokuwa mtoto alitoroka nyumbani na ndugu yake Rodrigo, wakitaka kwenda kufa mashahidi katika nchi ya Waislamu. Ndugu wa baba yao akawakuta njiani akawarudisha. Teresa anajilaumu kwa kupoteza saa nyingi katika kusoma vile, na lawama yake tuikumbuke. Lakini nani atasema ya kama ule ushujaa wa utoto haukumsaidia alipozunguka Hispania katika magari ya kukokotwa, akijenga nyumba za watawa?

Na Maandiko Matakatifu yenyewe yanasemaje? Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, kuna habari ya kuvunjika kwa meli iliyo nzuri kuliko nyingi zilizotungwa na mafundi wa hadithi: dhoruba ya siku 14, shehena kutupwa baharini, nanga kukatwa, watu kuogelea na wengine kushika mbao. Tuangalie neno moja dogo ambalo tunalipita mbio. Mtakatifu Luka anahesabu watu waliokuwa melini: walikuwa 276. Mabaharia, askari, wafungwa, wote wamo katika hesabu, na wote wanafika pwani wazima. Huyo ndiye mwandishi wa safari asiyesahau mtu.

II. Kwa watoto wa miaka 10 hata 13

Kwa umri huu tunaweka mbele kile kile Kisiwa chenye Hazina. Mwandishi wake, Stevenson wa Scotland, alikitoa kuwa kitabu mwaka 1883. Frederick Johnson alikitia katika Kiswahili mwaka 1929. Mtoto anakipenda sababu shujaa wake, Jim, ni mtoto. Na wakubwa wanamsahau mara nyingi, ndiyo maana anasikia na kuona mambo wasiyoyaona. Fundi mkubwa wa kitabu ni yule mpishi wa mguu mmoja, Silver: mcheshi, mpole, mwenye kusifu kila mtu, naye ni mwuaji. Watoto wetu wanapashwa kujifunza mapema ya kama mwovu haji siku zote na uso wa kutisha. Wapo wanaokuja kwa maneno matamu na franka mkononi, wakiwaita watoto waende kuchimba au kubeba mifuko.

Na bei yake? Stevenson haifichi. Katika watu wote waliotoka na meli, wanarudi watano tu. Jim mwenyewe anamaliza akisema ya kama fedha nyingine imebaki kisiwani, na hakuna kitu kitakachomrudisha kule; usiku anaota mawimbi na kushtuka. Mwisho huo ndio dawa ya kitabu. Bahati mbaya watoto wengi wanasimama pale hazina inapoonekana, wanadhani hadithi imekwisha. Basi mwalimu asome nao kurasa mbili za mwisho kwa sauti, polepole. Tungalifanya hivyo na yule kijana wetu, labda tungalisikia swali lake mapema.

Juu ya Tintin katika Kongo tuseme machache. Hergé alikichora kwa ajili ya Le Petit Vingtième, nyongeza ya watoto ya gazeti moja la kikatoliki la Brussels, miaka ya 1930 na 1931, naye hakupata kukanyaga nchi yetu. Watu weusi humo wanasema kama watoto wachanga, na wanyama wanauawa kwa mchezo tu. Mwaka 1946 alikichora upya kwa rangi. Mahali ambapo Tintin alikuwa akiwafundisha watoto wa Kongo ya kama Ubelgiji ni nchi yao, akaweka somo la hesabu. Mkongomani mmoja alikishitaki Brussels, na mwaka 2012 baraza la rufani lilikataa kukipiga marufuku. Sisi hatukichomi moto. Lakini tusisahau ya kama kilitoka katika nyumba yetu wenyewe, chini ya macho ya padri mkurugenzi wa gazeti. Asipewe mtoto mdogo peke yake. Apewe kijana mkubwa, awe na mwalimu, wakihesabu pamoja ni Wakongomani wangapi wana jina.

III. Kwa vijana wa miaka 14 na zaidi

Hapa kuna vitabu viwili vinavyotembea katika nchi zetu au jirani, navyo vinahitaji macho makali.

Cha kwanza ni Mashimo ya Mfalme Sulemani, cha Haggard Mwingereza, cha mwaka 1885. Johnson alikitafsiri pia, kikatoka mwaka 1929. Wazungu watatu wanavuka jangwa na milima ya barafu, wakimtafuta ndugu wa mmoja wao na almasi za mfalme wa zamani. Hadithi inakimbia vizuri; msomaji akishika, haachi. Lakini tuweke kipimo chetu. Khiva, Mzulu, anakufa akimwokoa bwana wake kwa tembo. Ventvögel anakufa kwa baridi mlimani. Foulata, msichana mwema aliyemwuguza mmoja wao, anachomwa kisu penye mlango wa hazina. Maelfu ya askari weusi wanakufa katika vita. Wazungu watatu wanarudi wazima, na mfuko wa almasi. Hata kifo cha Foulata, mwenye kusimulia anaona ya kama kimeondoa matata, maana ndoa ya mweusi na mweupe isingewezekana. Neno hilo ni sumu, na kijana wetu anaweza kulimeza bila kujua, akiwa amesahau ya kama yeye ni ndugu wa Foulata, akijiona katika viatu vya mwindaji.

Je, tukitupe? Hapana. Ndani yake yumo Umbopa, mtumishi wa safari, ambaye mwishoni anajulikana kuwa mfalme wa kweli wa nchi. Naye akiwaaga wageni anaapa ya kama hatapokea wachuuzi wenye bunduki na pombe, wala watu wa dini wa kuwatia wananchi hofu ya kifo. Sisi mapadri neno hilo lituume kidogo. Ni vizuri tulisome. Haggard aliwapenda Waafrika katika ushujaa wao, lakini hakuweza kuwapa hesabu sawa. Kijana anayefundishwa kuona mambo hayo mawili katika kitabu kimoja amejifunza kuhukumu.

Tena sisi wa Panda tunaishi kati ya mashimo ya Sulemani. Mji wetu, ulioitwa Jadotville hata mwaka 1966, ulizaliwa kwa mukuba. Baba na babu za Wakristu wetu walitumika katika tanuru za Panda na viwanda vya Shituru, kwanza chini ya Union Minière, na tangu mwaka 1967 chini ya kampani ya serikali. Karibu nasi kuna Shinkolobwe, ambako kulitoka uranium ya bomu la Hiroshima la mwaka 1945. Na mwaka 2004 shimo lilianguka huko, likaua wachimbaji. Kwetu, kitabu cha mgodi wa ajabu si ndoto ya mbali. Kinasomwa na mtoto ambaye nyundo ya kaka yake iko nyuma ya mlango.

Cha pili ni cha Kifaransa, Un capitaine de quinze ans cha Jules Verne, cha mwaka 1878. Kijana Dick Sand, wa miaka 15, anabaki na uongozi wa meli baada ya nahodha na mabaharia kufa. Mpishi mwovu, Negoro, anaficha chuma chini ya dira. Meli inapotea njia, nao wanadhani wamefika Amerika, kumbe ni pwani ya Angola, nchi ya wauza-watumwa. Weusi huru kutoka Amerika wanafungwa na kutembezwa pamoja na mamia ya watumwa, na Nan mzee anakufa njiani. Hapa bei inaonyeshwa wazi. Verne, aliyekuwa amesoma vitabu vya Livingstone na Cameron, anafanya msomaji atembee na ule msafara, asikie uzito wa mti shingoni. Tena Hercule, mtu mweusi mwenye nguvu, ndiye anayewaokoa wenzake wengine kwa akili na uvumilivu.

Kasoro yake ni mfalme wa Kazonde, Moini Loungga, mlevi anayewaka moto mwili mzima kwa kunywa pombe yenye ndimi za moto. Vijana wanacheka sana wakifika hapo. Waache wacheke, kisha uwaulize: ile pombe ilitoka wapi, na nani alimpa? Jibu limo ndani ya kitabu: walikuwa wafanya biashara ya watumwa. Kicheko kitapungua chenyewe.

IV. Kwa wenye kupenda mafumbo

Wako wasomaji ambao hawapendi panga wala dhoruba, wanapenda fumbo. Kwao safari ni ya akili. Tunawapa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kilichopata tuzo ya kwanza katika shindano la East African Literature Bureau la 1957–58, kikachapishwa mwaka 1960. Kiswahili chake ni cha pwani, kitamu, chenye maneno ambayo sisi wa Katanga tunahitaji kuyauliza; lakini kazi hiyo ni faida pia.

Bwana Ali anakutwa amekufa penye mzimu, pahali ambapo watu wa kale walipeleka sadaka. Wengi wangekomea hapo: mzimu umemchukua. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hakomei hapo. Anauliza nani alikuwa wapi, nani alipata faida, neno gani halilingani na jingine. Hatutafichua mwisho. Tunasema tu ya kama kitabu hiki ni cha lazima kwa makatekista. Katika parokia zetu, mara ngapi kifo cha mtu kinafuatwa na kidole kinachomwonyesha shangazi mzee au mtoto yatima, ya kama ndiye mlozi? Bei ya uvivu wa kuuliza inalipwa na mnyonge, anayefukuzwa usiku. Bwana Msa hafundishi dini yo yote, wala hahubiri. Lakini anafundisha kutomhukumu mtu kabla ya kuchungua, nayo ni amri ya Mungu.

Karibu yake tuweke Ngando cha Paul Lomami Tshibamba, kilichopata tuzo huko Brussels mwaka 1948. Mwandishi wake alisoma katika seminario dogo la Mbata-Kiela, kwa hiyo ni ndugu wa waseminaristi wetu. Mtoto Musolinga anakimbia masomo, anakwenda kuoga katika mto mkubwa wa Kongo, na mamba anamchukua. Baba yake anaondoka kumtafuta katika dunia ya walozi na mizimu. Safari ya baba mwenye kumfuata mwana aliyepotea inagusa moyo wa kila mzazi. Picha za mji na za mto ni za mtu aliyeona. Lakini kitabu kinamwacha msomaji katika hofu: mlozi yuko, na nguvu zake ni za kweli. Juu ya hiyo hatupendi kisomwe peke yake. Mtu akimaliza Ngando, apewe Bwana Msa. Cha kwanza kitamwonyesha hofu ya watu wetu ilivyo kubwa. Cha pili kitamwonyesha mtu mwenye kuwasha taa na kuingia ndani.

V. Kwa wakubwa wenye kutaka habari za kweli

Wazee wetu mara nyingi wanasema: "Hadithi ni za watoto; tupe mambo yaliyotokea." Basi wapewe maisha ya Hamed bin Muhammed, tunayemjua kwa jina la Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili. Yalichapwa mara ya kwanza na Mjerumani Brode miaka ya 1902 na 1903. Ni kitabu cha nchi zetu: vita na Nsama wa Itabwa mwaka 1867, njia za Lualaba, Kasongo, na ule ujanja wake wa kujidai ndugu wa damu wa mtawala mzee wa Utetela, hata akaachiwa nchi. Kwa msomaji mwenye kupenda hatari, hapana kitu kinachokosekana.

Lakini ni kitabu cha kutisha, na kutisha kwake kuko katika utulivu wake. Mwandishi anahesabu pembe za ndovu kwa frasila, bila kusahau. Anakumbuka deni, bei, shaba, chumvi. Waliobeba pembe hizo kichwani kutoka Maniema hata pwani hawana hesabu ya namna hiyo. Wengi hawana jina. Mkristu mwenye kukisoma apashwe kusimama pale penye hesabu ya frasila na kujiuliza: mabega mangapi? Kitabu hiki kinatoa bei ya kila kitu, ila bei ya mtu. Ndiyo maana tunataka kisomwe na wakubwa wenye akili iliyotulia, wala kisitiwe mikononi mwa mtoto kama hadithi ya shujaa.

Basi, wabebaji wenyewe hawakupata kusema? Walisema, mara chache. Mwanzoni mwa karne ya 19, Pedro João Baptista, mtumishi mweusi wa Mreno mmoja wa Angola, alivuka Afrika kwa miguu pamoja na mwenzake. Walipita nchi zetu za mukuba, walizuiliwa miaka minne kwa Kazembe, wakafika Tete mwaka 1811, zaidi ya miaka 40 mbele ya Livingstone. Kisha wakarudi kwa njia ile ile. Baptista aliandika daftari ya safari, siku kwa siku: mito, wakuu wa vijiji, zawadi zilizotolewa, mawe ya kijani ya Katanga. Katika masomo yetu tulijifunza tarehe zote za Livingstone. Jina la Baptista hatukulisikia.

Na karibu zaidi, mwaka 1965, André Yav aliandika habari za mji wa Elisabethville kwa Kiswahili chetu cha Katanga, kwa niaba ya waliokuwa maboi wa Wazungu. Tarehe zake nyingine zimechanganyika, na mwandiko wake haufuati kanuni za walimu. Lakini ndicho kitabu tulichokuwa tukikitafuta tangu mwanzo: safari inayosimuliwa na mwenye kupika, mwenye kubeba, mwenye kulala nje ya hema. Ni kana kwamba mmoja wa wale sita wa Flint ameamka na kusema mwenyewe.

VI. Mashauri

Tumalize kwa mashauri matatu, moja kwa kila kundi la wasomaji wetu.

Kwa mapadri: msifunge rafu ya chini. Mtoto asiye na kitabu cha hatari ataipata hatari katika simu ya rafiki yake, na huko hakuna wa kuzungumza naye. Lakini msiazimishe kitabu kama mtu anayetoa chumvi dukani. Kikirudi, mketi na msomaji dakika kumi. Sisi hatukufanya hivyo, na tulipoteza nafasi.

Kwa makatekista: chagueni kwa umri na kwa mapenzi ya kila mtu. Mwenye kupenda bahari asilazimishwe kusoma fumbo, na mzee mwenye kutaka mambo ya kweli asicheke mwenye kupenda kisiwa. Kipimo kiwe kimoja kwa wote: hesabuni wasafiri wanapoondoka, hesabuni tena wanaporudi, na mkikuta mtu amekosekana, ulizeni jina lake.

Kwa waseminaristi: ninyi mna likizo. Katika nyumba za Panda, Kikula na Kambove wangali wako wazee ambao baba zao waliletwa kutumika migodini kutoka Kasai, Lomami, Rwanda au Rhodesia ya zamani, wengine kwa miguu, wengine katika magari ya moshi wasiyoyajua. Habari za njiani wanazo bado: nani aliugua, nani alitoroka, nani alizikwa kando ya reli. Kila mseminaristi aandike safari ya mzee mmoja, kwa Kiswahili kile kile mzee anachosema, na ataje majina yote. Madaftari kumi ya namna hiyo yataijaza rafu yetu ya chini vizuri kuliko almasi za Sulemani.

Yule kijana hakurudi masomoni mwaka ule. Tulimtafuta huko penye mashimo, tukamwona, naye akatusalimu kwa furaha. Hakuomba chakula wala franka. Aliuliza kama kuna kitabu kingine. Tulimpa cha Verne, tukamwambia ya kama Kifaransa chake ni kigumu, naye atakuja Jumapili tusome pamoja. Amekuja mara tatu. Jina la Nan mzee ameliandika kwa kalamu ya risasi katika ukurasa wa mwisho, na chini yake majina mengine mawili yasiyomo kitabuni. Safari hii hatukumkaripia.